Saini Nusu ya Ciakuthii

“Mimi Ciakuthii wa Muthara siogopi kitu!” aliwatangazia wanawake wote wodini. Kisha akakohoa. “Isipokuwa sindano. Na bata mzinga wa jirani yangu Gitobu.”

Alikuwa na siku tatu hospitalini. Jembe lilimkata mguu akipalilia maharagwe, na kwa vile ana ugonjwa wa sukari, kidonda kikaoza. Asubuhi hiyo alijifunga leso, akashuka kitandani.

“Sista, naenda nyumbani. Ng'ombe wangu anazaa leo.”

Sista Kananu hakufoka wala hakuziba mlango. Muuguzi huyo alivuta kiti, akaketi karibu na bibi huyo mzee.

“Ni haki yako, shosho. Mtu mzima halazimishwi kutibiwa. Lakini msikie daktari kwanza.”

Daktari akaja, akaeleza. Dawa ya kudungwa mshipani ilibaki ya siku nne. Ikikatizwa, uozo ungepanda mguuni, hata kuingia kwenye damu.

“Umesikia nini?” akauliza Kananu. “Niambie kwa maneno yako.”

“Nikienda, mguu unaweza kuisha.” Akameza mate. “Ama niishe mimi.”

“Ndivyo. Ukiamua kwenda, tia saini karatasi hii ya kutoka kwa hiari yako, na ubebe vidonge hivi. Ukiona homa, au mguu umevimba au kuwa mweusi, rudi saa yoyote. Hakuna atakayekufukuza eti kwa sababu ulitia saini.”

Ciakuthii akachukua kalamu. Aliandika polepole, kama alivyofunzwa darasa la nne: C, i, a, k, u. Akaishia hapo.

“Shosho, kweli unaondoka kwa ajili ya ng'ombe?” Kananu akauliza.

Machozi yakamtoka. “Yule wa kitanda cha dirishani alisema mtanikata mguu Ijumaa.”

“Wapi! Hakuna aliyepanga hivyo. Tunaosha kidonda kila siku ndiyo mguu ubaki wako.”

“Basi mbona hamkuniambia?”

“Hapo umenishika,” Kananu akasema. “Tungekuambia mapema.”

Kalamu ikalala. Ciakuthii akarudi kitandani, akatoa mkono adungwe, macho ameyafumba kabisa.

Siku nne baadaye kidonda kilikuwa safi, na daktari akamruhusu kwenda. Akiaga, alimwona mgonjwa mpya, Mukiri, akifunga mzigo wake kwa hasira.

“Keti, wewe!” Ciakuthii akamwambia. “Ona mguu wangu. Waulize maswali, wanajibu. Mimi ile karatasi ya kutoka sijaigusa hata kwa kidole!”

Kananu akafungua faili, akamwonyesha ile karatasi, akitabasamu.

“Na huyu Ciaku ni nani?”

Ciakuthii akaitazama karatasi. Akamtazama Mukiri.

“Huyo,” akasema, “ni yule ng'ombe.”