Machipukizi ya Mtende wa Itto

Alfajiri Lalla Mamas aliukuta mtende wake umeungua mpaka moyoni, unanuka mafuta ya taa. Chini yake palikuwa na mashimo matatu: machipukizi yote yamechukuliwa. Akaketi kwenye majivu. Mtende ule marehemu bintiye, Itto, aliupanda kwa kokwa angali mdogo. Ugonjwa ulipoua mitende ya bonde zima la Draa, huo ulisimama.

Sajini Idder alianza na jirani, Haddu, aliyekuwa akigombana na mama huyo juu ya zamu ya maji.

"Una machipukizi mapya, Haddu."

"Na mke mpya pia. Naye utamkamata?"

Kwa Bassu, mdogo wake Lalla Mamas, alikuta machipukizi matatu yamefunikwa makuti.

"Ni tende aina ya bufegus, nimenunua sokoni," alisema Bassu. "Huamini? Subiri yazae."

Idder akaguna. Huko mtende hujulikana kwa tende zake, na chipukizi huchukua miaka kuzaa. Mtende mama umeshakuwa majivu. Alinganishe na nini?

Alipomrudia Lalla Mamas, mama alimmiminia chai ya nanaa. "Itto alipenda kunitegea kitendawili hiki: nina watoto wa aina mbili. Wa tumboni hatufanani, wa miguuni ni mimi mtupu."

"Mtende," alijibu Idder. "Kokwa huchanganya baba na mama. Chipukizi ni mama yuleyule." Akaitazama sahani ya tende. "Hizi za wapi?"

"Za Itto. Mavuno ya mwisho."

"Nipe moja. Nitaipima pamoja na majani ya machipukizi ya Haddu na ya Bassu."

"Bassu? Yule ni ndugu yangu, mwanangu!"

Katika maabara ya mjini, mtaalamu Zineb alitoa kokwa, akaliweka kando. "Hili lina baba ndani yake. Nyama ya tende ni ya mama peke yake." Akalinganisha alama za vinasaba. Jani la Haddu lilikuwa la mejhul, aina nyingine kabisa. La Bassu lilifanana na ile tende, alama kwa alama.

Wakakutana shambani kwa Bassu, katikati ya visiki vya mitende.

"Mtende wa Itto haukuwahi kuuzwa sokoni," alisema Idder. "Na haya ni yake."

Bassu aliinamisha kichwa. "Nilikuomba, dada. Moja tu. Mitende yangu yote imekufa, ukaniambia hutoi hata jani."

"Ndipo ukauchoma?"

"Ungebaki, wangelinganisha tende. Bila huo, nani angejua?"

"Ulimbeba Itto mgongoni, Bassu. Ungeniibia tu, ningenyamaza. Kuuchoma?"

Idder akaagiza koleo, lakini Lalla Mamas akamshika mkono.

"Usiyang'oe. Mara ya pili yatakufa."

"Yabaki kwa aliyekuibia?"

"Yabaki hai."

"Dada, nisamehe," alisema Bassu akipelekwa garini.

Dada hakugeuka. Alikuwa amepiga magoti, anapapasa udongo chini ya makuti. Ulikuwa mkavu. Akaokota ndoo ya Bassu, akaenda kuchota maji.