Maoni ya Jurema Kuhusu Mchumba Wake

"Wananisafirisha," Adalto alisema, akalitupa begi lake kwenye kochi.

"Wapi?"

"Ureno. Eti naenda kumtafuta baba ambaye sikuwahi kumjua. Ijumaa naonekana uwanja wa ndege, nalia, nakumbatia watu wawili, basi."

Jurema aliacha kukata kitunguu. Pale mtaani kwao Madureira hata watoto wanajua maana ya kusafirishwa kwenye tamthilia ya saa tatu usiku. Mhusika ambaye watazamaji hawamtaki hauawi, maana akifa inabidi watu wamlilie wiki nzima. Anapewa pasipoti. Akishapanda ndege hatajwi tena, na mama yake wa kwenye tamthilia anaendelea kunywa kahawa kama hakuwahi kuzaa.

"Si walisema utakuwepo hadi mwisho?"

"Walisema nitakuwepo watu wakinipenda. Hawajanipenda."

Jurema alijua uzito wa jambo hilo. Adalto alikuwa ameigiza miaka mingi kwenye ukumbi mdogo wa maigizo mtaa wa Lapa, mbele ya viti vitupu, na huyu daktari Renan alikuwa mhusika wake wa kwanza kwenye televisheni. Walikubaliana kwamba Renan akifika mwisho wa tamthilia, wao wangefika kanisani Mei.

"Nani amesema hawakupendi?"

"Kikao cha watazamaji. Wanawake wanakusanywa kwenye chumba, wanaonyeshwa vipande, wanasema la moyoni. Waandishi wako nyuma ya kioo wanasikiliza, kisha wanageuza hadithi. Kuna mmoja alinichambua, mwongozaji akanisomea maneno yake mbele ya wenzangu. Wamecheka mpaka mpiga picha akakaa chini."

"Alisemaje?"

"'Huyu daktari analia kama mtu aliyepoteza funguo huku anajua ziko mfukoni.'"

Machozi yalimtoka Jurema. Bahati nzuri kitunguu kilikuwa pale, kikabebeshwa lawama.

Maneno yale yalikuwa yake.

Mchana Jurema aliuza miwani. Jioni alikaa mbele ya simu yake akatoa maoni kuhusu tamthilia na filamu, na watu walimfuata kwa maelfu kwa sababu hakumwonea mtu haya. Ndiye aliyeuliza kwa nini matajiri wa kwenye tamthilia wanaandaliwa meza ya mikate, maembe na keki, halafu kila mmoja anapiga funda moja la juisi na kukimbilia kazini. Ndiye aliyesema kwamba filamu ikimalizika kwa mvua, ujue mwandishi alichoka. Alimsema kila mhusika wa tamthilia ile isipokuwa mmoja. Mashabiki wakaanza kuuliza, "Jurema, mbona daktari Renan humgusi?" Akajifanya hajaona.

Ndipo akapigiwa simu na mwanamke mwenye sauti ya upole.

"Dada, tunaomba uje kwenye kikao chetu cha watazamaji. Una ndugu anayefanya kazi kwenye televisheni?"

"Ndugu? Hapana."

Mchumba si ndugu, alijiambia, na akaenda akiwa na nia moja tu: kumtetea. Bahati mbaya kwenye kile chumba kilikuja kipande cha Renan akilia kando ya kitanda cha mgonjwa. Mwanamke wa pembeni akacheka. Msimamizi akageuka: "Na wewe, dada, unamwonaje?" Jurema akafungua mdomo amsifu mchumba wake, ukatoka ule ukweli, umevaa na viatu.

Sasa Adalto alikuwa ameegemea friji, anamtazama.

"Huulizi ni nani?" akasema.

"Nani kasema nini?"

"Huyo mwanamke wa funguo. Ungekuwa hujui, saa hizi ungekuwa unamtukana mpaka majirani wafungue madirisha."

Jurema akaweka kisu chini.

"Ulijua?"

"Mwongozaji hajamaliza sentensi nimeshajua. Nimeishi na huo ulimi miaka, nitashindwaje kuutambua? Nimekuja kuona kama utaniambia mwenyewe."

"Nilienda kukutetea, Adalto."

"Umenitetea vizuri. Nimefika Ureno."

"Niliulizwa, nikajikuta nimeshasema."

"Hilo sikulaumu. Umeulizwa, umejibu, ndivyo ulivyo. Lakini kipande kilekile kilipoonyeshwa hapa nyumbani, nilikaa hapo, wewe hapo. Nikakuuliza nimefanyaje. Ulinijibu nini?"

Jurema akayakusanya maganda ya kitunguu.

"Sema."

"Nilisema umenigusa."

"Ulisema nimekugusa, ukanibusu na shavuni. Wageni uliwapa ukweli, mimi ukanipa peremende."

Akachukua begi lake.

"Unaenda wapi? Chakula kinaiva."

"Kwa shangazi Zulmira. Na Mei tuiache kwanza. Siwezi kuoa mtu ambaye nikitaka kujua anavyonifikiria, inabidi nikae nyuma ya kioo."

Mlango ukafungwa taratibu. Angeubamiza, Jurema angepata angalau kitu cha kulalamikia. Alikaa chini sakafuni akalia kilio cha haki, na wali ukaungua.

Alimwandikia, "Nisamehe." Kimya. Akaandika tena, "Umekula?" Kimya. Siku ya pili ikaingia simu, akaidaka, kumbe ni shangazi.

"Binti, umemfanya nini mwanangu? Anapiga pasi mashuka yangu yote."

"Nilimdanganya, shangazi. Nilimwambia ni mzuri kwenye tamthilia."

"Hata mimi nilimwambia hivyo."

"Na wewe unamwonaje?"

Shangazi akavuta pumzi. "Binti, yule daktari akija kunitibu nitaomba daktari wa pili."

Jurema alicheka bila kupenda, kisha akaona aibu. Kumbe wote walikuwa wamemzunguka yule mwanaume na ukuta wa sifa, na ndani yake alikuwa peke yake, anauliza anaonekanaje. Kesho yake ndiyo walikuwa wanarekodi ule uwanja wa ndege. Akashika simu, akamrekodia sauti.

"Adalto, haya ni maoni yangu. Unalia kwa sababu karatasi imeandika lia. Uso unafanya kazi, mwili mwingine wote uko likizo. Siku tulipomzika mama yako hukutoa hata tone. Ulikuwa unazunguka unauliza watu kama gari la jirani lina nafasi ya viti viwili. Mimi nilikutazama nikashindwa kusimama. Yule mtu sijamwona hata siku moja kwenye televisheni. Ukweli niliuficha kwa sababu niliogopa utaacha kuigiza, halafu niwe ndiye niliyekuachisha. Nakupenda. Hilo si maoni, hilo lipo tu."

Jibu lilichelewa kuja, na lilikuwa neno moja: "Nimesikia."

Ijumaa, wimbo wa mwanzo wa tamthilia ulipokuwa unakaribia, mlango uligongwa. Adalto alisimama nje na shati lililopigwa pasi kupita kiasi.

"Nataka nitazame na wewe," alisema. "Usiseme kitu mpaka mwisho."

Wakakaa kwenye kochi na nafasi ya mtu wa tatu katikati yao. Ukaja uwanja wa ndege. Renan alimkumbatia dada yake, kisha akasimama mbele ya mama yake, na Jurema akajiandaa kwa vile vilio. Havikuja. Renan aliitazama saa ya ukutani, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mama, dawa ya presha umekunywa leo?" Mama akaitikia kwa kichwa. "Ya asubuhi au ya mchana?" Renan akachukua begi, akaenda, akageuka nusu kama aliyetaka kuuliza na ya jioni, akaacha.

Likaingia tangazo la sabuni.

"Haya," Adalto alisema. "Sema."

"Mkono wako wa kushoto haukujua pa kwenda."

"Kingine?"

"Dada umemkumbatia haraka mno, kama teksi inakungoja."

"Kingine?"

Jurema akapunguza sauti ya tangazo.

"Ulipouliza dawa, nilisahau kwamba nakujua. Nilitaka yule mama akukimbilie akuzuie."

Adalto akamtazama usoni muda mrefu, akitafuta peremende. Hakuiona.

"Mwongozaji alitaka nilie," akasema. "Nikarekodi mara ya pili nikilia. Kumbe wamechagua hii."

"Kwa hiyo watakurudisha?"

"Kutoka Ureno? Uliona nani akarudi?"

"Hakuna."

"Jumatatu narudi Lapa, kwenye viti vyetu vitupu."

"Nitakuja. Na nitasema nilichokiona."

"Ndicho ninachokuogopea," akasema, lakini alikuwa ameshasogea, ile nafasi ya mtu wa tatu haipo. Macho yake yalibaki kwenye lile tangazo. "Jurema, utakubali kuolewa Mei na mtu ambaye yuko Ureno?"

"Nitakubali. Lakini swali kama hilo huwezi kuliuliza unamwangalia mwanamke anayefua. Umeliharibu. Rudia."

Adalto akazima televisheni, akamgeukia, akarudia.