Bakuli la Mchanga Mlangoni

Hamdun alimpenda Mardhiya, hilo sitalikana. Ugonjwa wake ulikuwa "ngoja kwanza".

Walikutana siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, uwanjani mbele ya ngome, watu wakipishana na punda na kila mtu akimkwepa Kapteni, mbwa wa miaka mitano aliyeachwa na mzungu katika nyumba ya Shela aliyoilinda Hamdun. Mardhiya, daktari wa mifugo kutoka Kiunga, alivaa buibui na gambuti za kijani. Alimchoma Kapteni sindano, akampapasa chini ya tumbo, akakunja uso.

"Bwana, huyu ana korodani moja. Ya pili haikushuka, imebaki tumboni."

"Basi ana siri yake," Hamdun akatania.

"Siri ya kuua. Tumboni pana joto, ikikaa humo itageuka saratani. Nizitoe zote mbili, maana kasoro hii hurithiwa."

Hamdun akaomba namba ya simu. Ya mambo ya mbwa, alisema. Wiki haikwisha wakawa wanapigiana asubuhi na jioni, "daktari wangu" huku, "mlinzi wangu" kule, hata akampa pete ya fedha kwa siri. Na Kapteni? Ngoja kwanza, vijana wa barazani watanicheka nikimhasi dume. Baada ya Ramadhani. Ramadhani ikapita, ikawa baada ya Maulidi.

Posa nayo ikangojewa vivyo hivyo. Alipompeleka Mkomani kwa mamake, Bi Umulkheir aliwapokea kwa tabasamu, na bakuli la mchanga mlangoni.

"Osha kwa mtanga kwanza, mwanangu. Mara saba."

Najisi ya mate ya mbwa huoshwa hivyo, sawa. Lakini siku ile Mardhiya hakuwa amegusa hata paka. Alikuwa amepaka hina mpya. Akaosha. Hamdun akasimama pale pale, mdomo ameufumba. Kila Mardhiya alipokwenda, bakuli lilikuwepo. Akamwomba kwenye simu amwambie mamake neno moja tu.

"Ngoja kwanza, mpenzi."

Miaka miwili hiyo! Kisha manyoya ya Kapteni yakanyonyoka mbavuni, chuchu zikavimba kama za jike anayenyonyesha, tumbo likajaa. Mardhiya alikuja mbio kwa boti, akalibonyeza tumbo, akatikisa kichwa. Saratani ilikwisha enea. Akampa sindano ya kumpumzisha, Kapteni akiilamba mikono ya Hamdun mpaka ulimi ukatulia.

Walimzika nyuma ya nyumba. Hamdun alilia bila haya.

"Nitamwambia mama leo. Wallahi, leo."

Mardhiya alichota mchanga na, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, akamshika mikono. Akaisugua, akaimwagia maji. Moja. Mbili. Alihesabu kwa upole hata Hamdun akadhani amesamehewa. Ya saba ilipokwisha, aliivua pete kidoleni mwake, akaiweka kwenye kiganja cha Hamdun kilicholowa.

"Sasa u safi, Hamdun. Nenda kwa mama."