Damu ya Kidole Kingine

Je, umewahi kuona mtu mzima akimwomba mtoto amsaidie kudanganya? Hilo lilitokea nyumbani kwangu, hatua chache kutoka jikoni nilipokuwa nikichemsha chai, nami sikujua.

Mume wangu ni fundi cherehani. Mjukuu wetu wa miaka kumi na mmoja tulimwita Uzi, kwa wembamba wake, na kwa sababu ndiye aliyemtungia babu yake sindano. Kila asubuhi kabla ya shule, Uzi alimtoboa babu kidole, akadondosha tone la damu kwenye mashine ya kupimia sukari, akangoja namba. Daktari alikuwa amesema atampasua ngiri iliyomsumbua tumboni, ila mpaka sukari ikae chini ya kumi kwa wiki mbili.

Asubuhi moja mashine ilionyesha kumi na saba.

"Wataniahirisha tena," babu alinong'ona. "Hebu lete kidole chako. Mashine haijui damu ni ya nani."

"Lakini babu..."

"Unataka babu yako apone, au hutaki?"

Uzi alitaka. Akajitoboa. Sita. Kesho yake sita tena, keshokutwa tano. Nilipoziona namba hizo nilifurahi, nikaacha hata kujiuliza mbona sukari ya kwenye kopo inaisha upesi hivyo.

Wiki ya pili nilimtuma Uzi kwa jirani yetu, mshona viatu, apeleke shati. Alikutana na harufu kabla hajamwona mwenyewe. Nzi walitambaa juu ya bandeji iliyofunga tumbo lake.

"Mwezi wa pili huu kidonda kinakataa kufunga," mke wa mshona viatu alisema, huku akimpepea. "Walimpasua sukari ikiwa juu. Ilikuwa dharura, hakukuwa na nafasi ya kungoja."

Mshona viatu aliutazama ukuta tu. Uzi alirudi nyumbani, akasukuma sahani yake pembeni.

Siku ya kliniki ilifika, tukaenda sote watatu. Babu alikuwa hajala tangu mchana wa jana yake, ili kipimo cha pale kitoke vizuri. Kikatoka tisa. Daktari akabonyeza mashine yetu, namba zikapita mojamoja.

"Safi sana, mzee. Kesho unaingia chumba cha upasuaji."

Akashika kalamu. Uzi, aliyekuwa ameficha mkono nyuma, aliitazama kalamu ikigusa karatasi. Kisha akauweka mkono mezani, vidole vimejaa alama nyekundu za sindano.

"Daktari, hiyo damu ni yangu."

Babu aliinama, akatazama viatu vyake. Mimi nikalikumbuka kopo la sukari.

Daktari aliweka kalamu chini. "Ahsante, binti yangu. Mzee, wewe ni fundi. Ukishona kitambaa kilichooza, mshono unashika?"

"Unachanika," babu alijibu, kwa sauti ndogo.

"Basi. Sukari ikikaa juu, mwili unachelewa kuunga kidonda, na vijidudu vinapata nguvu. Kushinda njaa siku moja hakufuti wiki nzima. Ningekushona kesho, halafu wiki ijayo tungekuwa tunakamua usaha."

Kwa wiki sita nilimmiminia chai kwa mkono wangu, bila sukari. Dawa alikunywa kwa saa. Namba zikashuka, safari hii kwa kidole chake mwenyewe, ndipo akapasuliwa. Siku ya kutolewa nyuzi aliukagua mshono kama wa suti ya bwana harusi.

"Daktari huyu anashona," alisema. "Akifukuzwa kazi, aje kwangu."

Uzi alicheka, cheko la kwanza baada ya siku nyingi.

"Sikiliza, mjukuu wangu," nilimwambia. "Mkubwa akikuomba ufiche ugonjwa, hata awe babu yako, kamwambie mkubwa mwingine. Namba mbaya ikijulikana inatibika. Ikifichwa, ndiyo inayomaliza watu."

Babu alifunga vifungo vya shati polepole, mpaka cha mwisho.

"Wala sikuwa na haraka ya kurudi kwenye cherehani," alisema. "Kila waliponiahirisha, hofu ya kisu ilizidi, nikataka yaishe upesi. Nilitaka kuwaambia kwamba naogopa, nikaona haya. Hilo tu."