Spea ya Boaz

Jua lilikuwa la saa tisa, mji wa Migori umechoka na vumbi lake, Milka alipoegesha gari lake la mtumba mbele ya duka la tairi la Onsongo. Tairi zote nne zilikuwa zimelika zikawa laini kama kipara.

Onsongo akagonga tairi moja nene. "Chukua hizi ranflati, Mama Dorine. Ukuta wake mgumu. Ikitoboka hailali, unaenda nayo bila upepo mpaka mjini. Hata spea hubebi."

"Na jeki?"

"Ya nini? Hushuki."

Dorine, binti wa Milka, akamnong'oneza mama yake, "Mama, chukua. Ile kona uipite tu."

Kona yenyewe iko njia ya Karungu, Milka anakofuata omena, wale dagaa wa ziwani, za kuuza kwao Isebania. Boaz, mumewe, alikutwa pale mchana kweupe, amechutama amekufa, gurudumu limetolewa, nati ziko mkononi. Daktari akasema moyo. Tangu hapo magari hutoboka palepale. Dereva mmoja alishuka kubadilisha tairi, na mpaka leo hajatoa neno.

Kwa kina Boaz, mtu akifia njiani, wa nyumbani humwita kwa jina pale alipoangukia, kisha humrudisha bila kugeuka nyuma. Boaz hakuitwa. Wazee wa kanisa walisema sala zinatosha, na Milka, siku hizo bado ana adabu, akawasikiliza.

"Nikiipita, baba yako aende wapi?" akamuuliza Dorine. "Alikufa kazi haijaisha. Gurudumu halijarudi mahali pake." Akamgeukia Onsongo. "Nipe za kawaida, zinazolala. Na spea. Na jeki."

"Mama Dorine, unanunua kifo."

"Kifo kingeuzwa hapa kwako ungekuwa umejenga ghorofa. Funga tairi."

Kesho yake akaondoka peke yake. Dorine alilia. Akaambiwa aache kulia, apike ugali wa watu watatu.

Kwenye kona gari likavuta kushoto. Tairi la nyuma lilikuwa limelala. Ndege waliokuwa wakipiga kelele kwenye mikonge wakanyamaza.

Milka akashuka. Akaweka jeki. Akafungua nati, akaziweka chini nyuma yake. Akatoa gurudumu.

Akainua spea. Ilikuwa nyepesi mno.

Kuna mtu alikuwa ameshika upande wa pili.

Hakuangalia. Akaisukuma mpaka ikakaa. Akanyoosha mkono nyuma kutafuta nati. Nati ikawekwa kiganjani, baridi. Akaikaza. Nyingine ikawekwa. Akaikaza nayo.

"Boaz," akasema, "kazi imeisha. Ingia nyuma twende nyumbani. Na usinichafulie kiti."

Akashusha jeki, akarudi kwenye usukani. Mlango wa nyuma ukafunguka. Gari likadidimia. Ukafungwa.

Kisha mlango wa upande wa pili ukafunguka.

Gari likadidimia tena.

Hakugeuka. Pua yake ilipata grisi na sabuni ya Boaz. Halafu ikapata harufu nyingine, ya tope la ziwani.

Nyumbani Dorine akalizunguka gari. Kwenye kioo cha nyuma, kwa ndani, kulikuwa na alama ya kiganja kisicho na dole gumba. Cha Boaz hicho. Dole lilibaki kwenye mashine ya kusaga mahindi. Kwenye kioo cha upande wa pili kulikuwa na kiganja kidogo cha tope bichi.

"Mama," akanong'ona, "uliita wangapi?"

"Mmoja." Milka akakitazama kile kiganja mpaka macho yakamwuma. "Basi weka sahani ya nne. Na huyo aliyedandia ajue, hapa kwangu watu hulima."

Kona ile haijatoboa tairi tena.

Asubuhi sahani ya Boaz ilikuwa kama ilivyopakuliwa, haijaguswa. Ya nne ilikuwa imelambwa ikang'aa, ukingo wake una tope.