Vuta Pumzi, Shikilia Hapo Hapo

Jumanne moja ya mwezi wa nane, saa moja na nusu asubuhi, picha ya kitanda kitupu ilitoka na mbavu.

Sidonia aliitazama kwenye kompyuta, akafikicha macho, akaitazama tena. Kila siku kabla ya mgonjwa wa kwanza, mashine ya siti skani hupashwa moto, kisha hupiga picha ya kitanda kisicho na mtu ili ijulikane kama iko sawa. Picha hiyo hutakiwa kuwa nyeusi tupu. Siku hiyo ilikuwa na kifua kizima, mbavu kumi na mbili kila upande, na mapafu yaliyojaa hewa pomoni, kama ya mtu aliyevuta pumzi akaambiwa asiiachie.

Alichungulia kwenye kile kioo kizito kinachotenganisha chumba chake na chumba cha mashine. Kitanda hakikuwa na mtu. Shuka lilikuwa limenyooka vile vile alivyolitandika.

"Mashine mpya nayo ina mambo," alisema. Alisema peke yake, maana alishazoea. Akaifuta picha, akamwita mgonjwa wa kwanza.

Miaka kumi na sita alikuwa kwenye kituo kile cha vipimo, pale Kizota, katikati ya mafundi wa mageti na wachana mbao. Alipoanza walikuwa watano. Alikuwepo Zablon wa chumba cha giza, aliyesafisha filamu huku akiimba besi ya kwaya mpaka wagonjwa wakaitikia kwenye mabenchi. Alikuwepo Elieth, aliyechapa majibu kwa mkono mmoja na umbea kwa mkono wa pili. Mchana walikaa kwenye sinia moja la ugali wa uwele na mlenda, wakagombania chembe za mwisho.

Kisha Dodoma ikakua. Wizara zilihamia, watu wakafuata, na watu wakija na magonjwa yao yanakuja. Picha zikatoka kwenye filamu zikaingia kwenye kompyuta. Zablon akaagwa kwa keki. Majibu yakaanza kusomwa na daktari aliyeko Dar es Salaam, ambaye Sidonia hajawahi kumwona uso. Elieth naye akaagwa, keki yake ndogo zaidi. Kila mashine mpya ilipoingia mlangoni, mtu mmoja alitoka. Meneja, Bwana Pantaleo, aliyaita hayo maendeleo, na tusimwonee, hakusema uongo. Mzee wa Chamwino aliyekuwa akilala kwenye basi usiku kucha kwenda kutafuta kipimo kimoja, sasa alipimwa na kurudi kula chakula cha mchana kwake. Ila maendeleo hayakumuuliza Sidonia atabaki akiongea na nani. Nyumbani nako hapakuwa na mtu. Mumewe alikuwa na miaka sita kaburini, na binti yake, Gladness, aliolewa Mwanza, akawa anapiga simu akikumbuka. Kukumbuka nako ni kazi.

Mashine hii ya mwisho ilikuja mwezi wa nne ikiongea Kiingereza, na wazee wa vijijini walilala juu yake wakiisikiliza tu, hawajui wavute pumzi au waombe dua.

"Madamu, weka sauti yako wewe," Bwana Pantaleo alimwambia. "Una sauti ya mama mchungaji. Tukifungua tawi la Kongwa tunaipeleka hiyo hiyo."

Mchana mmoja, kila mtu akiwa ameenda kula, Sidonia alijifungia akarekodi. *Karibu. Lala chali, usiogope. Vuta pumzi. Shikilia hapo hapo.* Lilibaki neno moja tu, *pumua*. Simu yake ikalia, na yeye, akidhani ni Gladness, akaacha kila kitu akakimbilia mkoba. Walikuwa watu wa mtandao wakimtangazia vifurushi. Aliporudi, fundi mgeni aliyeifunga mashine alisharudi kutoka kula na kufunga mipangilio kwa namba yake ya siri, anawahi ndege. Tangu hapo lile neno la mwisho Sidonia alilisema mwenyewe kwenye kipaza sauti, kwa kila mgonjwa, na hakuna aliyedhurika. Ikawa mazoea.

Jumatano mbavu zilikuwepo tena. Alhamisi lilikuwepo na fuvu, limelala chali kama alivyoelekeza. Ijumaa fuvu lilikuwa limegeuka upande wa kioo, upande aliokaa yeye.

Siku hiyo ndipo aliposikia harufu. Dodoma haikuwa imeona tone tangu mwezi wa nne. Upepo wa vumbi ulikuwa unapiga mageti ya mafundi huko nje tangu alfajiri. Lakini chumba cha mashine, chenye kiyoyozi kikavu kinachopasua midomo, kilinuka udongo uliolowa, ile harufu ya mvua ya kwanza ambayo huwatoa watu nje wakatabasamu. Na kwenye spika ndogo ya mezani, ile inayomletea sauti ya mgonjwa aliye kitandani, kulisikika mtu akivuta pumzi. Alivuta taratibu, akavuta, akavuta, pakawa kimya. Sidonia alisubiri aiachie. Haikuachiwa.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Daktari wa Dar es Salaam alikuwa namba tu kwenye kompyuta, na Bwana Pantaleo angemwandikia likizo ya akili.

Jumamosi mchana alikuwa nyumbani akiosha vyombo, sahani moja, kikombe kimoja, kijiko kimoja, jua limesimama uwanjani na jirani anapiga redio, ndipo alipoisikia sauti yake mwenyewe nyuma ya kisogo, ile sauti ya mama mchungaji, ikimwambia vuta pumzi, naye akavuta, kwa sababu ilikuwa sauti ya upole na haikuonekana kama amri, ikamwambia shikilia hapo hapo, naye akashikilia, mikono ndani ya maji, akisubiri neno linalofuata kama wagonjwa wote walivyolisubiri kwake, na neno halikuja, na redio ya jirani ikaanza kwenda mbali, na ukingo wa karai ukawa mweusi, na akajua kabisa kwamba anakufa, na hata hivyo kifua chake kilikataa kuachia kwa kuwa hakijaambiwa, mpaka kikombe kikamponyoka kikapasuka sakafuni, akashtuka, akapumua.

Alikaa chini kwenye maji na vigae akalia. Hakulia kwa woga peke yake. Alilia kwa kuwa angekufa pale Jumamosi, na wa kwanza kujua angekuwa Bwana Pantaleo, Jumatatu, atakapokuta foleni.

Jumatatu sauti ilimjia tena, kazini, kabla ya wagonjwa. Safari hii hapakuwa na kikombe.

"Sidonia! We Sidonia! Pumua, mwanangu! Pumua!"

Alikuwa Mama Batuli, mfanya usafi, mama wa Kisandawe kutoka Chemba, mtu wa swala tano na maneno machache. Alimpiga mgongoni kwa kiganja mpaka hewa ikatoka. Midomo ya Sidonia ilikuwa ya zambarau.

"Shikamoo, mama," Sidonia alisema alipopata sauti. Adabu ilimtoka yenyewe.

"Marahaba. Amekushika kifua, siyo? Mimi wiki nzima nanusa mvua humu ndani." Mama Batuli alinong'ona, akiangalia kioo. "Niambie ukweli. Ile siku ulipotia sauti yako kwenye hili dude, kitandani alilala nani?"

"Hakukuwa na mtu."

"Ukasema karibu."

"Nilisema."

"Ukasema lala, usiogope."

"Na hilo nilisema."

Mama Batuli alisema neno moja kwa Kisandawe, lile la kugongesha ulimi, na halikuwa neno la kumsifu mtu. "Wewe umekulia wapi? Mtu anakaribisha chumba kitupu? Wenzetu hawa wasioonekana wako zao porini, hawana shida na mtu. Lakini ukimwita anaitika, ana adabu kutushinda. Amelala hapo tangu mwezi wa nne, umemwambia ashikilie pumzi, ameshikilia. Anangoja neno lake, siyo lile unalowapa wagonjwa. Sasa amechoka kungoja, anachukua pumzi ya aliyemshikisha."

"Tufanyeje, mama? Tuite shehe? Mimi mwenzio Mkatoliki."

"Shehe wa nini? Hajavunja mlango, amekaribishwa. Mgeni hafukuzwi, mgeni anaagwa. Mwambie apumue, mshukuru, msindikize mpaka njia panda. Ila sikiliza." Alimshika kifundo cha mkono. "Ukifika pale, usije ukamwambia karibu tena. Ulimi wako umezoea. Ung'ate."

Walisimamisha foleni nusu saa kwa kisingizio cha umeme. Sidonia akabonyeza kitufe cha kipaza sauti.

"Pumua," alisema. "Asante. Tumemaliza."

Pumzi ya miezi minne ilitoka kwa mpigo. Shuka lilipepea, kioo kikaingia ukungu, na harufu ya udongo uliolowa ikajaa mpaka korido ya wagonjwa, wakageuka wote kutazama mlangoni kama kunanyesha. Sidonia akafungua mlango mmoja baada ya mwingine, akatoka juani, akatembea polepole akiacha nafasi ya mtu upande wake wa kulia. Mama Batuli alifuata nyuma na tasbihi.

Walipita kwa wachomea vyuma, wakapita kwa wachana mbao. Msindikizaji hasindikizi kimya, ndiyo mila. Kwa hiyo Sidonia aliongea. Alianza na hali ya hewa na vumbi. Kisha, bila kujua ilivyotokea, akasimulia habari za Zablon na besi yake, na siku mumewe alipokata kauli, na namna anavyoiweka simu karibu na mto. Upande wa kulia vumbi lilikuwa linatulia kidogo kila walipokanyaga, kama barabara iliyonyunyiziwa maji. Hakuna aliyemkatiza. Hakuna aliyeangalia saa. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu mtu amsikilize hivyo, na walipofika njia panda alitamani ingekuwa mbele zaidi.

Akasimama. Maneno mawili yakamjia ulimini yenyewe, kama yanavyomjia kila mtu aliyelelewa. Aliung'ata mpaka akaonja damu, akageuka, hakuangalia nyuma.

Jumanne picha ya kitanda kitupu ilitoka nyeusi tupu. Jumatano vile vile. Kifua chake kilifunguka, akala, akalala. Alimletea Mama Batuli doti ya kanga, wakacheka wawili mchana kutwa, na Sidonia akasema sasa amepona.

Mwezi wa kumi tawi la Kongwa lilifunguliwa, likataka mfanya usafi mzoefu. Mama Batuli akaagwa kwa soda. Mahali pake pakaletwa kampuni, vijana wanaopiga deki alfajiri na kuondoka kabla Sidonia hajafika. Bwana Pantaleo akafunga kompyuta inayowaita wagonjwa kwa namba, ili madamu asijisumbue kuita majina. Fundi mgeni akarudi, akafungua mipangilio, akatia neno *pumua* kwa sauti ile ile ya Sidonia aliyomrekodi kwa nusu dakika, na kuanzia siku hiyo Sidonia hakuwa na neno hata moja la kumwambia mgonjwa. Aliwatazama kupitia kioo wakilala na kuamka. Jioni alifika nyumbani, akakumbuka kwamba tangu asubuhi hajafungua kinywa.

Mwezi wa kumi na moja mvua ilichelewa. Siku moja, saa moja na nusu asubuhi, picha ya kitanda kitupu ilitoka nyeusi tupu, kama jana, kama juzi. Sidonia aliitazama muda mrefu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Aliogopa, tusimzulie ujasiri ambao hakuwa nao. Alijua mashine siku hizi ina neno la mwisho, lakini hilo ni la wagonjwa. La kwake hakuna aliyelirekodi.

Akabonyeza kitufe.

"Karibu tena," alisema.

Kwanza ilikuja harufu ya mvua. Kisha spika ya mezani ikaita kwa sauti ya Sidonia mwenyewe, kwa upole, kama mtu aliyemkumbuka mwenzake: *Vuta pumzi.* Sidonia akavuta, machozi yakimtoka, akatabasamu kuelekea kwenye kioo. *Shikilia hapo hapo.*

Akashikilia. Huko nje namba ya kwanza iliitwa, mlango ukabaki umefungwa, na humo ndani hapakuwa na mtu wa kumwambia apumue.