Bomba Lililoachwa Wazi

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Wifi yangu alikuwa amempeleka mama mkwe kliniki, mwanangu amelala, na mimi na fundi bomba tuko bafuni tunapanga maji machafu yapite wapi. Ukuta wa zamani tulishaubomoa. Zilikuwa zimesimama mbao za fremu tu, na ng'ambo yake unakiona kitanda cha mama mkwe, maana nilitaka bafu kubwa, na huo ukubwa niliumega kwenye chumba chake.

"Dada, bomba halipandi mlima," fundi alisema, pimamaji mkononi. "Likipita huku na ukuta unasogea. Bibi atabaki na upenyo wa kupandia kitandani, basi."

"Weka hapo hapo."

"Haya, bosi." Akacheka, akalipitisha bomba katikati ya mbao, mdomo umeelekea juu, akaenda dukani kutafuta elbo ya kuungia kona. Lilikuwa halijaungwa na kitu. Chini lilikaa juu ya tofali, kavu kabisa.

Mume wangu akapiga simu, nikapokea nikiwa nimesimama pale pale. Nikamwambia maneno ambayo hata kuyaandika naona haya: kwamba mama yake mwaka haumalizi, sasa chumba kikubwa cha nini, si kiwe cha mtoto.

Nikakata simu.

Bomba likakohoa.

Kikohozi kile nakijua, nakisikia kila asubuhi. Kisha sauti ya mama mkwe, taratibu, usawa wa kiuno changu: "Mwanangu, nivumilie kidogo. Sitakawia."

Sikukimbia. Afadhali ningekimbia. Nilichoogopa, Mungu anisamehe, ni fundi kurudi akasikia. Nikaivuta nepi ya mtoto iliyokuwa begani kwangu, nikaisokomeza bombani, nikaishindilia kwa mpini wa nyundo.

"Mwanangu, nivu..."

Ikakatika.

Simu ikaita tena. Wifi, ananong'ona. "Mama alikuwa anaongea na nesi, akanyamaza katikati ya neno. Anapumua kwa pua. Daktari kamwangalia kooni, haoni kitu."

Nikaivuta ile nepi. Ikagoma. Nikaweka mguu kwenye fremu, nikavuta kwa mikono miwili, na kitu kikavuta upande wa pili. Ilipotoka ilikuwa ya moto. Imelowa mate.

Mama mkwe yuko nyumbani, anakula, anatembea. Sauti ndiyo haijarudi. Ukuta nimeurudisha ulipokuwa, bafu limebaki dogo vilevile, na fundi hakuuliza. Nikimlisha ananishika shavu, ananitazama bila kinyongo, nami nashindwa kumtazama. Mume wangu anawasimulia watu jinsi ninavyomtunza mama yake. Nainama, nasingizia mtoto.

Nepi nimeifua mpaka imechujuka. Katikati imetobolewa kwa meno, safu ya juu na ya chini, kamili.

Mama mkwe ni kibogoyo. Mwanangu hajaota hata moja.